Nikijenga kwa majani Dar, simenti ikae mbali na ukuta wangu

Nilipomwambia fundi wangu kwamba kibanda cha nyuma kule Kibada nataka kukijenga kwa marobota ya majani ya mpunga, alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Bosi, mbuzi wa jirani watakula ukuta!"

Alidhani anatania. Nebraska, Marekani, ujenzi huu ulikoanzia mwishoni mwa karne ya 19 mashine za kufunga majani zilipoingia mashambani, inasimuliwa kuwa shule moja isiyopigwa plasta ililiwa na ng'ombe. Ila kanisa la mji mdogo wa Arthur, la mwaka 1928, lingali limesimama, na paa lake limebebwa na kuta za majani.

Robota lenyewe ni laini, ukilibebesha paa linabonyea, na linaendelea kubonyea taratibu kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana ukuta hukazwa kwanza kwa mikanda au nyaya kutoka kwenye msingi hadi boriti ya juu, kisha ndipo plasta ipigwe. Mikanda hiyohiyo hulizuia paa lisinyanyuliwe na upepo. Plasta ikishakauka, kwa kuwa ni ngumu kuliko majani, sehemu kubwa ya mzigo inahamia kwake, huku majani ya katikati yakizuia ngozi mbili za plasta, ya ndani na ya nje, zisipinde. Basi lazima plasta ikanyage msingi. Fundi akiiachia inaning'inia, kaikata nyumba miguu.

Robota nalo lipimwe. Wamarekani wanataka likiwa kavu lisipungue kilo 104 hivi kwa mita ya ujazo, maana yake robota la sentimita 35 kwa 45 kwa 90 likaribie kilo 15. Likiwa jepesi zaidi ya hapo, mrudishie aliyekuuzia.

Hayo yote yanahesabika. Kinachonikosesha usingizi ni masika. Majani yakizidi asilimia 20 ya unyevu na yakabaki hivyo, yanaoza. Nilinunua marobota mawili ya kujaribia, nikayaweka barazani mwezi Aprili, yakarushiwa mvua upande mmoja. Wiki ya tatu nikachomeka mkono katikati: joto, kama ndani ya rundo la mbolea, na harufu ya uyoga.

Kwa hiyo hapa mjini sishauri ukuta ubebe paa, hata kama Nebraska unabeba. Simamisha nguzo, ezeka mabati kwanza yenye upenu mrefu, halafu panga marobota kwenye kivuli, juu ya msingi ulionyanyuliwa vizuri na kuzuiliwa mchwa. Ukisubiri ukuta ukazwe ndipo uezeke, mvua haitakusubiri.

Halafu simenti. Tumeizoea hadi kwenye uzio wa kuku, lakini plasta yake inabana mvuke usitoke, na ikipata ufa maji yanaingia yasipate pa kutokea. Nje utaona rangi safi tu, ndani mboji. Chokaa na udongo vinapumua, na pwani hii chokaa si mgeni, magofu ya Kaole yamejengwa kwayo. Kweli, itadai kupakwa upya kila baada ya miaka michache. Mimi nitapaka.

Fundi bado anadai chokaa itabanduka. Nimemkabidhi lile robota la barazani alinuse.