Blauzi ya Bluu Si Wito

Jumanne saa kumi na moja alfajiri niliamshwa na ujumbe wa sauti kutoka kwa mtoto wa dada yangu. Dakika saba nzima, lakini habari yenyewe ni fupi: "Mjomba, nimepokea neno. Naacha kazi." Neno lilitoka kwenye ibada ya mtandaoni. Nabii mmoja aliitazama kamera akasema anamwona dada mwenye blauzi ya bluu akitoka Misri. Binti yetu alikuwa na blauzi ya bluu. Ushahidi ni huohuo, hakuna mwingine. Na kazi yenyewe ni ualimu wa serikali, ambao wenzake waliomaliza naye chuo bado wanausubiri huku wakiendesha bodaboda.

Hasira zangu si kwake. Amenyimwa uhamisho mara tatu, yeye na mwalimu mkuu hawapikiki chungu kimoja, na mchumba ameyeyuka. Mtu wa hali hiyo ukimtajia Misri, ataona mpaka Farao anamsahihishia andalio la somo.

Sisemi Mungu hasemi na watu. Alisema na Samweli usiku, haya. Lakini hebu tuisome vizuri: Samweli aliitwa, akakimbilia kwa kuhani Eli mara tatu, na ni yule mzee mwenye macho yaliyofifia aliyeng'amua anayeita ni nani. Akamwambia karudi ukalale, ukiitwa tena itika. Hakumsukuma kichwa aanguke. Hakumpa namba ya kutumia sadaka ya "mbegu". Alimrudisha akasikilize mwenyewe!

Sasa namsifu Mjesuiti, mtawa wa Kikatoliki, na mimi Mlutheri wa kubatizwa. Marehemu bibi anisamehe. Ignasi wa Loyola alikuwa mtu wa vita na wa kupenda sifa. Mwaka 1521, huko Pamplona, risasi ya mzinga ilimvunja mguu. Akiwa kitandani aliomba hadithi za mashujaa. Nyumbani hamkuwa na hata moja, akapewa maisha ya Kristo na ya watakatifu. Miezi ikawa ni ya kusoma na kuwaza tu. Akiwaza upanga na mabibi wa ikulu, ananogewa, kisha moyo unabaki mkavu. Akiwaza kuishi kama Fransisko wa Asizi, wazo linapita lakini furaha inabaki. Akaanza kupima kile kinachobaki.

Baadaye akaandika kanuni ambayo mimi ningeipaka rangi kwenye ukuta wa kila kanisa: roho inapokuwa kwenye ukiwa, yaani moyo umekauka na Mungu unamwona yuko mbali, usibadilishe uamuzi ulioufanya ulipokuwa na amani. Ongeza sala, jichunguze, funga ukiweza, lakini usisaini kitu. Huo ukiwa nao ni mshauri, tena mwenye sauti kubwa, na huja amevaa joho la nabii. Halafu akatuachia mizani mbili. Mfikirie mtu usiyemjua kabisa, aliyekuja na jambo lako hilohilo: ungemshauri nini? Kisha jione uko kitandani unakata roho: ungetamani uwe uliamua vipi?

Na kabla yake Yesu alishasema, Luka 14, anayetaka kujenga mnara aketi kwanza ahesabu gharama. Aketi. Karatasi na kalamu.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba nyumbani kwetu Walutheri nako kunavuja. Mpelekee mchungaji jambo zito uone: "Tuombe," dakika mbili, amina, ana kikao cha ujenzi saa nne. Nabii angalau anampa mtu usiku mzima. Vijana hawaendi kule kwa ujinga, wanaenda kwa sababu kuna mtu anajifanya anawaona.

Nilimpigia binti yetu. Sikumtajia Eli wala Ignasi. Nilimwuliza: angekujia mwalimu usiyemjua, wa wilaya nyingine, amenyimwa uhamisho, ameachwa, na anataka kuandika barua ya kuacha kazi wiki hiihii, ungemwambiaje?

Kimya. Nikamsikia jogoo wa jirani yake.

"Ningemwambia asubiri, Mjomba."

Basi barua haijapelekwa. Ila ile mbegu ya elfu hamsini alishaituma usiku, na anasema muamala huo haurudishwi.