Swali Zuri Sana

Jana usiku nimekaa mbele ya televisheni saa mbili nzima nikisubiri mgombea ajibu swali moja. Moja tu! Mwendesha mdahalo kamuuliza, "Kodi utapandisha au hupandishi?" Bwana yule akatabasamu. "Hilo ni swali zuri sana." Nikajiweka sawa kwenye kiti. "Ila kabla sijalijibu, niwakumbushe wananchi nilikotoka."

Basi safari ikaanza. Tukatembea naye peku hadi shuleni. Tukamkuta bibi kizee aliyemshika mkono akimlilia shida zake (kila mgombea ana bibi kizee wake, sijui huwa wanawaokota wapi, mimi nazeeka sasa, sijashikwa mkono na mtu). Kengele ikalia, muda umekwisha. Kodi tumeiacha njiani.

Na sarufi yao nimeshaijua. Jambo likifana: "nilijenga", "nilileta". Likiharibika, mtenda hayupo tena: "palijitokeza changamoto". Zilijitokeza zenyewe, hazina mama wala baba! Ahadi nazo zote "zipo mbioni". Mbio gani hizo zisizofika?

Fundi wao ni Ronald Reagan, aliyekuwa rais wa Marekani. Mwaka 1980, kwenye mdahalo na Jimmy Carter, rais aliyekuwa madarakani, aliwauliza Wamarekani kama hali yao ni afadhali kuliko miaka minne iliyopita. Kwisha. Kila mtu akajijibu kwa kupapasa mfuko wake. Mwaka 1984 yeye ana miaka 73, wakamgusia umri. Akasema hatatumia ujana na uchanga wa mpinzani wake kujitafutia kura. Walter Mondale, mpinzani mwenyewe, miaka 56, akaangua kicheko palepale kwenye kamera. Sasa ukishacheka, utabisha na nini?

Nikaona na mimi nijaribu. Asubuhi mama watoto kaniuliza, "Baba Asha, kitasa cha mlango utatengeneza lini?"

"Swali zuri sana," nikamwambia. "Ila tukumbuke tulikotoka. Palijitokeza changamoto, na mchakato upo mbioni."

Akaweka chini alichoshika. Sauti hakupandisha. "Uliahidi mwaka huu wa nne sasa. Hicho kitasa, leo kina afadhali kuliko siku ile?"

Watoto wakacheka. Ubaya ni kwamba na mimi nikacheka.

Bisibisi iko wapi?