Pevingi au zege, kama uwanjani kwako linaingia boza?

Kwa wanaojenga Dar kuna ubishi hauishi, kwamba njia ya kutoka getini mpaka mlangoni ukitaka ibebe gari kubwa umwage zege au upange pevingi, yani vile vitofali vya kupanga chini. Wa zege wanasema pevingi zinabonyea, wa pevingi wanasema zege linapasuka, na wote wana ushahidi maana kila mtaa una nyumba ya kuonyeshea.

Kwanza tuelewane kuhusu uzito. Boza la lita 10,000, maji peke yake ni tani 10, hapo gari lenyewe hujalihesabu. Na uharibifu haupandi sawasawa na mzigo, majaribio makubwa ya barabara ya AASHO (chama cha maofisa wa barabara kuu) kule Illinois, Marekani, 1958 hadi 1960, yalionyesha unapanda kwa karibu kipeo cha nne cha uzito wa ekseli (ule mhimili unaobeba matairi). Yani ekseli ya tani 10 ukiilinganisha na ya nusu tani kama za IST, mzigo ni mara 20 lakini uharibifu ni kama mara 160,000! Kwa hiyo jirani anayekwambia "mbona mimi napita kila siku na haijabonyea" hajakwambia kitu.

Zege lina hoja nzito, ni gumu kwa pamoja, linasambaza mzigo eneo kubwa, hata udongo ukiwa dhaifu kidogo linavumilia. Ila ni lile la inchi 6 lenye BRC (wavu wa chuma) au nondo, lililokatwa viungo (mistari ya kulizuia lisipasuke ovyo), likamwagiwa maji wiki nzima na lori likasubiri siku 28. Linalomwagwa majumbani mara nyingi ni inchi 3, viungo hamna, kesho kutwa Fuso la mchanga limeshaingia, alafu tunalaumu saruji.

Pevingi nazo, nyingi zinazouzwa kwa ajili ya nyumbani ni za milimita 60, hizo ni za gari ndogo. Za lori ni 80, zipangwe kwa zigizaga zishikane, na pembeni ziwe na kebu (mawe ya ukingo) zilizokamatwa na zege, bila hivyo tairi za nyuma zikikata kona zinasukuma mstari mzima. Faida yake kubwa bomba likipasuka chini unang'oa, unatengeneza, unarudishia zilezile, wakati zege ukishalivunja kiraka chake utakiona mpaka uhame.

Mimi nasema wote wanabishania ngozi ya juu wakati kesi iko chini. Ukiona pevingi zimezama mistari miwili ya matairi, ng'oa moja uangalie, aghalabu utakuta tofali zima kabisa halina hata ufa, ila chini kuna mchanga wa inchi 4 ambao fundi alitumia kusawazishia makosa ya kifusi. Mchanga wa kulalia unatakiwa sentimita 3 mpaka 5 basi, kusawazisha kunafanyika kwenye moramu (udongo wa changarawe wa kujazia), inamwagwa tabaka la sentimita 15 hivi, inashindiliwa, ndo linafuata lingine. Sio kumwaga tripu zote kwa mpigo na kupitisha kompakta juu mara moja kama unapiga pasi. Na kama uko kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba masika na kunywea kiangazi, toa kwanza, vinginevyo chochote utakachoweka juu kitacheza.

Kwa plot za mjini nyingi mimi niko na pevingi za 80. Pale lori linapogeuzia tairi likiwa limesimama ningemwaga zege.

Lakini kabla hujatoa hela, je hilo boza lina ulazima wa kuingia ndani? Boza na gari la majitaka vyote vina mpira, vinaweza kusimama nje vikafanya kazi. Hapo unaimarisha kalavati la getini tu, ndani unabaki na za 60. Asiyeweza kukwepa ni mwenye Fuso lake linalolala nyumbani, na huyo aangalie pia karo la majitaka liko wapi, maana mifuniko mingi ya karo ilimwagwa ibebe watu, haikumwagwa ibebe lori.