Gitaa Lisifungwe Nyuzi Lisizozimudu

Binti ninayemfundisha gitaa alifika kibarazani kwangu Jumamosi moja, akaniamkia, kisha akabaki amesimama na mfuko wake mgongoni. Kwa kawaida huwa ameshakaa na kuanza kutyuni kabla sijamaliza chai. Nilipoupokea mfuko na kuufungua, nikaelewa. Daraja la gitaa, kile kibao cha mbele kinachoshika nyuzi, lilikuwa limebanduka upande wa nyuma, mwanya unapitisha kadi ya simu, na ubao wa mbele umefura kama kitumbua. Gitaa lenyewe alikuwa amelipata kwa kaka yake miezi miwili tu iliyopita.

"Nyuzi hizi umefungiwa na nani, mwanangu?"

"Dukani, mwalimu. Niliwaambia nataka zinazolia."

Zililia kweli kwa wiki chache. Tatizo ni kwamba lile ni gitaa la nailoni, lile la Kihispania, na muuzaji alilifungia nyuzi za chuma namba 12, namba ikiwa ni unene wa uzi. Kosa hili nimeliona hapa Tanga, nimeliona Dar es Salaam, na nimeliona kwa watu wanaojifungia nyuzi wenyewe nyumbani, kwa hiyo sina sababu ya kumwandama muuzaji mmoja. Ila liliniuma, maana yule binti alikuwa ameshaanza kuipata kodi ya F, yaani zile noti zinazopigwa kwa pamoja, bila kuzima uzi hata mmoja.

Watu wakiniuliza nyuzi nzuri ni zipi, hutegemea nitaje chapa. Mimi huanza na gitaa: linaweza kubeba nini? Baada ya hapo naangalia vidole vya mpigaji. Sauti naiweka ya tatu. Najua wapo wenzangu watakaobisha, hasa wale wanaopiga vizuri kunizidi, lakini wao wanamiliki magitaa yanayohimili. Wengi tunaowafundisha wana gitaa moja tu, na likivunjika ndoto imeishia hapo.

Tuangalie mzigo wenyewe. Nyuzi sita za nailoni za kawaida zikishatyuniwa huvuta daraja kwa nguvu ya kama kilo 40 kwa pamoja. Nyuzi za chuma namba 12 huvuta zaidi ya kilo 70, karibu mfuko mmoja na nusu wa saruji, usiku na mchana, hata gitaa likiwa limelala kabatini. Namba 13 hupita kilo 80. Gitaa la nailoni lina ubao mwembamba ulioshikizwa kwa ndani na vipande vidogo vya mbao vilivyotawanyika kama mbavu za upepeo, na shingo yake mara nyingi haina chuma ndani. Gitaa la nyuzi za chuma limejengwa tofauti: ndani yake kuna mbao mbili nene zilizokatana kama herufi X, ujenzi uliokuzwa na mafundi wa Martin huko Marekani katika karne ya 19, na ndani ya shingo umo mchuma wa kuizuia isipinde. Mulika tochi ya simu kwenye tundu utaona mwenyewe.

Kama huna tochi, angalia daraja. Uzi ukifungwa kwa kuzungushwa na kupitishwa chini yake wenyewe, hilo ni la nailoni. Ukizama kwenye kitundu na kubanwa kwa kijiti cha plastiki, hilo ni la chuma. Shingo nayo husema: la nailoni ni pana, kama milimita 52 pale inapokutana na kichwa, na la chuma ni milimita 43 au 44. Usidanganywe na kile kidonge cha shaba kilichopo mwisho wa uzi. Zipo nyuzi za nailoni zenye kidonge pia.

Na mtu asikwambie kuwa nailoni ni nyuzi za watoto. Zamani nyuzi nyembamba za gitaa la Kihispania zilitengenezwa kwa utumbo wa kondoo. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, utumbo ukahitajika kushonea majeruhi, nyuzi zikaadimika. Albert Augustine, fundi wa New York, akaanza kutengeneza nyuzi za nailoni katika miaka ya 1940, na Andrés Segovia, mpigaji aliyekuwa akijaza kumbi za dunia nzima, akazikubali na kuzipigia. Huku pwani tunaijua nailoni hiyohiyo kwa jina la mshipi wa kuvulia. Niliwahi kukatikiwa uzi wa kwanza jioni ya kuamkia harusi, nikaenda kwa mvuvi jirani, akanipa mshipi wenye unene wa kama milimita 0.7. Ulishika hadi sherehe ikaisha. Kwa nyuzi za besi, zile nene za sauti ya chini, hila hiyo haifai kitu, kwa sababu zenyewe zimezungushiwa waya ili ziwe nzito bila kuwa nene mno.

Sasa tuje kwenye galatoni, gitaa kavu la nyuzi za chuma. Jina lilitoka kwenye chapa ya Gallotone ya Afrika Kusini, wazee wakaliita hivyo kila gitaa la boksi, na mimi nalipenda kuliko majina mapya. Hapa ndipo watu wananunua kwa mazoea. "Namba 12" maana yake uzi wa kwanza una unene wa inchi 0.012, yaani kama milimita 0.3, na wengine watano wanaongezeka kwa mpangilio mpaka wa sita unafika inchi 0.053 au 0.054. Namba 10 huishia karibu 0.047, namba 11 karibu 0.052, namba 13 huishia 0.056. Tofauti hizo ukizitazama kwa macho huzioni. Kidole huziona siku ya kwanza.

Vijana wa kwaya wana imani kwamba unene ndiyo sauti, na anayefunga namba 13 hutembea kifua mbele. Ni kweli uzi mnene una mzigo zaidi, unatikisa ubao zaidi, na gitaa kubwa lililojengwa imara hutoa mlio mpana. Lakini magitaa mengi tuliyonayo ni ya mbao za tabaka zilizogundishwa, na ubao wa aina hiyo ni mgumu kutikisika. Ukiuongezea unene wa nyuzi unapata sauti kidogo na maumivu mengi. Nimewapoteza wanafunzi kwa namna hiyo. Mtu anapiga wiki tatu, ncha za vidole zimevimba, kodi haitoki, anaamini hana kipaji, anaacha. Namfungia mwingine namba 10 kwenye gitaa lilelile na anapita.

Kwa anayeanza, namba 10. Akishakuwa na sugu vidoleni, namba 11, na wengi nawashauri wabaki hapo. Namba 12 ni kwa gitaa ambalo umelipima, ukaliona halifuri, na shingo yake inarudi sawa. Namba 13 sijamshauri mtu yeyote hapa mtaani.

Lakini kabla hujalaumu nyuzi, pima umbali wake kutoka shingoni. Pale kwenye freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo), uzi wa sita ukiwa juu ya freti kwa milimita 2.5 na wa kwanza kwa milimita 2, gitaa linapigika. Magitaa mapya ya bei ya chini nimeyapima yakafika milimita 4. Hapo hata namba 10 itakukata. Toa ule mfupa wa darajani, usugue upande wa chini kwa msasa taratibu, huku ukipima kila mara, kwa sababu ukishapunguza huwezi kurudisha.

Na kama unazo namba 12 tayari na huna hela ya nyingine, zishushe. Ukitelemsha nyuzi zote nusu toni, mvuto unapungua kwa karibu asilimia 11. Ukitelemsha toni nzima, asilimia 21. Weka kepo, kile kibanio cha shingoni, kwenye freti ya pili ukitaka kurudi kwenye ufunguo wa mwimbaji. Gitaa la mjomba wangu limeishi hivyo miaka mingi na shingo yake bado imenyooka.

Tukimaliza mzigo na vidole ndipo tunafika kwenye mlio, na hapa kila mtu ana sikio lake. Nyuzi nne nene za galatoni zina kiini cha chuma kilichozungushiwa mchanganyiko wenye shaba. Aina ya kwanza ni shaba asilimia 80 na zinki asilimia 20. Inang'aa kwa sauti na kwa macho siku za mwanzo, kisha inafifia haraka. Aina ya pili ina shaba kama asilimia 92, iliyobaki ni bati na fosforasi kidogo. Kampuni ya D'Addario iliileta sokoni mwaka 1974, na leo ndiyo inayopatikana zaidi. Mlio wake una joto, na unachelewa kuchoka. Mimi nimo kundi hili la pili, kwa sababu ya mahali ninapoishi kuliko kwa sababu ya sikio.

Anayeishi Dodoma au Nairobi anaweza asinielewe. Sisi wa ufukweni tunalala na chumvi. Miezi ya kaskazi jasho halikauki mkononi, na uzi mwembamba usiozungushiwa kitu unaanza kuwa na madoa ya kutu kabla wiki mbili hazijaisha. Kutu ile inakwangua kidole na inalia kila unapohama kodi. Tangu miaka ya 1990 zimekuwepo nyuzi zilizopakwa utando mwembamba sana wa kuzuia jasho na uchafu. Bei yake ni kubwa, na mtu wa bara pengine anatupa hela. Kwa mtu wa Tanga, Mombasa au Unguja naziona ni akiba, kwa sababu seti moja imenifikisha pale ambapo seti tatu za kawaida hazikufika. Asiyeziweza akate kipande cha kanga iliyochakaa, akiweke kwenye mfuko wa gitaa, na kila akimaliza kupiga afute kila uzi juu na chini. Kanga ya zamani inanyonya vizuri kuliko vitambaa vyote nilivyojaribu.

Kuchemsha nyuzi nimefanya. Wazee walinifundisha: zitoe, zichemshe dakika kumi, zikaushe kabisa, zirudishe. Mafuta ya ngozi yaliyojazana kwenye mizunguko ya waya yanatoka na mlio unarudi kwa siku moja au mbili. Chuma kilichokwisha kulika hakirudi. Ni njia ya kuvukia Jumapili moja ya ibada.

Waya wa breki ya baiskeli ni habari nyingine. Watoto wanaojitengenezea magitaa ya madebe wanautumia, na nimesikia humo muziki ulionisimamisha njiani. Ila kwenye gitaa lenye freti haufai, kwa kuwa unene wake haukupimwa kwa ajili ya noti: ukiwa wazi unaweza kuutyuni, ukibonyeza freti ya tano tayari umetoka nje.

Mtego mwingine ni nyuzi za gitaa la umeme, zinazouzwa bila boksi, zimekunjwa tu kwenye karatasi. Zimezungushiwa nikeli, na uzi wake wa tatu kwa kawaida hauna mzunguko. Ukizifunga kwenye galatoni hazivunji kitu, ila sauti inabaki nyembamba, na ule wa tatu hautyuniki vizuri na wenzake. Ukizikuta hivyo, angalia uzi wa tatu. Galatoni inautaka uliozungushiwa.

Mtindo wako wa kupiga nao una neno. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alipomrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco mwaka 1952 huko Jadotville, mji wa Kongo, upande wa Katanga, unaoitwa leo Likasi, alimkuta akipiga kwa vidole viwili, gumba na cha shahada, gumba likitembea kwenye besi na shahada ikiimba juu yake. Magharibi ya Kenya wapigaji wa omutibo, mtindo wa gitaa wa huko, walijenga juu ya vidole hivyohivyo, na mwenzao akigonga chupa ya soda pembeni. Mchezo wa aina hiyo unataka nyuzi zinazojibu kwa mguso mdogo na zinazotenganisha besi na juu. Namba 11 za fosforasi zinanitosha kabisa. Anayechapa kodi kwa piki, kile kiplastiki cha kuchapia nyuzi, nyuma ya kwaya ya watu arobaini, huyo nitamwelewa akitaka 12. Na huwa nafurahi nikikumbuka kwamba Likasi ni mji wa machimbo ya shaba, madini yaleyale yaliyozungushwa kwenye besi zetu.

Gitaa la binti nililipeleka kwa fundi seremala ninayemwamini. Alilikalisha chini ya uzito siku tatu mpaka ubao ukarudi, akaugundisha mgongo wa daraja na kulibana kwa vibanio siku mbili zaidi. Ufuro haukuisha wote. Nikalifungia nailoni za mvuto wa kawaida, nikamweleza kwamba zitalegea na kulegea tena kwa siku kadhaa, atyuni asubuhi na jioni bila kukata tamaa. Siku ya nne alinitumia sauti kwenye simu: kodi ya F, nyuzi zote sita zinasikika, na nyuma yake mama yake anamwita aje kula.