Pa kusomea kwa raha: barazani, maktaba au jikoni?

Binamu yangu juzi kaniletea voisi ya dakika nne, kisa nililalamika kwenye grupu la familia kwamba nyumba nzima sina pa kukaa nikasoma kitabu kwa raha. Ukiondoa kicheko jawabu lake ni kwamba mie nadeka tu, mwenye kutaka kusoma anasoma popote, babu yetu kasoma magazeti miaka yote pale barazani Malindi, mji mkongwe wa Unguja, kikombe cha kahawa mkononi, dhumna inagongwa ubavuni pake na watu wanabishana siasa, na hakuna gazeti lililomshinda. Na kama tatizo kelele basi maktaba kuu ipo Maisara, nipande daladala niende.

Si maneno ya kutupa hayo. Baraza la mji mkongwe limejengwa kwa akili, jiwe limeshikana na ukuta, kichochoro chembamba kwa hiyo kivuli hakikosekani upande mmoja au mwengine, na gazeti moja linatosha watu kumi maana mmoja anasoma kwa sauti wengine wanadakia, ukikwama neno unauliza, habari ikiwa ya uongo unaambiwa hapohapo. Maktaba haina hayo. Ila tazama kinachosomeka pale ni nini: gazeti, vipande vifupi vifupi. Chukua riwaya ya kurasa 300 uone, kila apitae anakutolea salamu, unaitikia, anauliza wa nyumbani hawajambo, unajibu, ukirudi kwenye kitabu mstari umeshaupoteza, na ukijifanya hukusikia basi ikifika magharibi mtaa mzima unajua una kiburi.

Halafu kuna hili ambalo binamu kwenye dakika zake nne hakuligusa kabisa. Baraza la nje ni la wanaume. Mie mwanamke na miaka yangu thelathini na mbili nikajiegemeze kwenye baraza la Jaws Corner na riwaya yangu? Hakuna wa kunifukuza, ila watu wataulizana huyu kagombana na mumewe au vipi.

Maktaba basi. Kimya kipo, meza ipo. Tatizo langu ni saa, maana nakaa Fuoni, kazini natoka saa 10, na jua letu hapa mwaka mzima linazama saa 12 na dakika zake, sasa nikishuka mjini nikapanda tena kurudi hiyo alasiri yenyewe imeishia kwenye daladala. Na kila nilipokwenda wengi niliowakuta ni wanafunzi wa mitihani. Hilo nilikuwa nalipita tu, sasa naona ndio penyewe.

Maana nyumbani kwetu ni hivyo hivyo. Mdogo wangu akiwa na mtihani nyumba nzima inanyamaza, TV inazimwa, mwacheni anasoma. Msahafu pia mtu hakatizwi, huo nauweka kando. Lakini mie nikishika hadithi, kitabu cha kujifurahisha tu, namsikia mama kutoka uani, "Weye si umekaa tu, njoo unikunie nazi." Kaka yangu akiwa na simu masaa mawili yuko bize. Mimi na kitabu nimekaa tu. Na mama simlaumu sana, wali haujipiki na mikono ni miwili aliyonayo, ila ndio ujue kwamba ukinipa hata kochi la kifalme haitosaidia.

Sisemi sehemu haina maana. Nyumba za mawe kule mjini kuta zake nene za mawe na chokaa, ndani baridi hata Februari, ila chumba cha chini giza mchana kweupe. Kwetu mwanga upo tele lakini kaskazi bati linawaka, na masika mvua ikilipiga hata adhana husikii, vitabu navyo vinaota ukungu. Kusi, Juni mpaka Septemba, hapo ndio unaweza kusema unasoma.

Binamu atanikumbusha ule umeme uliokatika Unguja miezi mitatu, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, maana na yeye alikuwepo. Tulikaa watu watano tumeizunguka chemli moja mkekani, joto, mbu, moshi unaingia machoni, na sijapata kusoma sana kama wakati ule. Atasema si unaona, popote panasomeka. Mie naona kinyume chake, usiku ule hakukuwa na kazi yoyote ya mtu kunituma, giza lilishamkalisha kila mtu, na kukaa tu kwa mara ya kwanza hakukuwa kosa.

Sasa hivi nshapata pangu, binamu akipenda acheke tena. Alasiri natoa mbuzi uani chini ya mwembe, nakaa juu yake, kizio kimoja nakuna nusu nakiacha kwenye sinia palepale mbele yangu, kitabu kipo gotini nimekifunika na ncha ya kanga. Mama akichungulia anamuona mtu yuko kwenye mbuzi anakuna nazi, anarudi zake ndani. Jana nimekwenda kurasa arubaini na moja, chache zina madoa ya tui, na wali ulichelewa kidogo.