Mbuyu Wenye Matundu Mia Tano

Nilipoanza kujifunza Kihispania ili niweze kuwatembeza wageni katika magofu ya Kaole, kilomita chache kusini mwa mji wa Bagamoyo, kitu cha kwanza kunitia kiburi kilikuwa umri. Kiingereza kilikuwa kimenitesa kwa kumlazimisha mtu "awe" miaka yake, ilhali Mhispania husema kama sisi, kwamba anayo: tengo ni nina, años ni miaka. Nikajiona mzaliwa wa Sevilla.

Kosa langu ni kwamba maelezo yote niliyaandika kwenye simu ambayo sikuipata ñ ndani yake, nikaweka n ya kawaida na kuyakariri hivyo hivyo kwa wiki mbili. Nilidhani kile kiwimbi ni pambo tu. Kumbe waandishi wa kale, badala ya kuandika n mbili za neno la Kilatini annus, waliipandisha moja juu ya mwenzake, na leo ñ ni herufi kamili inayotamkwa takriban kama ny ya nyanya, sauti ambayo haimshindi mtoto yeyote wa Bagamoyo. Ukikiondoa kiwimbi, años huwa anos, yaani matundu ya haja kubwa. (Sisi tunaotofautisha ng'oa na ngoa kwa alama ndogo vile hatuna pa kujitetea.)

Basi nikasimama chini ya mbuyu mkubwa wa Kaole, mbele ya Wahispania tisa, nikatangaza kwa sauti ya mwadhini kwamba mti ule una anos zaidi ya 500. Wakatazamana, kisha wakautazama mti. Nikadhani wameshangazwa na ukale wake, nikaongeza kwa unyenyekevu kwamba mimi mwenyewe ninazo 41 tu.

Bibi mmoja mwenye mkongojo akanishika mkono kwa huruma, akaniambia polepole ili nimwelewe: "Hijo, yo solo tengo uno." Mwanangu, mimi ninalo moja tu.

Mjukuu wake ndiye aliyechora ñ mchangani na kunieleza, huku machozi ya kicheko yakimtoka. Dereva wetu alikuwa akisikiliza, na tangu siku hiyo, nikipita barazani wanapokunywa kahawa, husalimiwa hivi: "Shikamoo, Mzee Arobaini na Moja."