Majina ya warina asali: mkupuo au mmoja mmoja?

Chama kimoja cha wafugaji nyuki hapa Tabora kinahamia kwenye mfumo mpya wa kuhudumia wanachama na wateja. Majina, namba za simu na vijiji vimo tayari kwenye kanzidata ya zamani. Ofisi imegawanyika: wengine wanataka yote yapakiwe kwa mkupuo, wengine karani achape mmoja mmoja.

Wa mkupuo wana hoja nzito. Wanachama 3,000, kwa dakika mbili kila mmoja, ni saa 100 za kuchapa, na karani aliyechoka hugeuza tarakimu bila kujua. Asali ya Sikonge ikianza kuingia, nani atakaa kuchapa majina?

Lakini nimelikagua faili lao la majaribio, na hofu ya upande wa pili nimeielewa. Faili lilifunguliwa kwenye Excel, likahifadhiwa, basi. Sifuri ya mwanzo ya kila simu ikapotea. Hilo dogo, unaweka 255 mbele na namba inapiga. Namba za NIDA, yaani za kitambulisho cha taifa, ndizo zilizoniumiza: zina tarakimu 20, na Excel ikiichukua kama hesabu hutunza 15 tu. Tano za mwisho zote zilikuwa sifuri, na hazirudi hadi uzitoe upya kwenye kanzidata, safu hiyo ikiwa imetajwa kuwa ni maandishi.

Kuna na la simu ya familia. Mfumo uliambiwa umtambue mtu kwa namba ya simu. Mama mmoja wa Uyui na wanawe wawili, wanaotumia simu moja, wakawa mwanachama mmoja. Mizinga ya watatu kwa jina la mmoja! Malipo yangekwenda wapi? Kitambulisho kiwe namba ya uanachama. Ukipakia tena, mfumo unasahihisha rekodi iliyopo badala ya kuzaa pacha.

Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka taarifa zitumike kwa lengo lililofanya zikusanywe. Aliyetoa simu apate malipo ya asali hakuomba matangazo.

Mimi nipo upande wa mkupuo, ila si vijiji vyote mara moja. Kianze kijiji kimoja, watu 50. Karani awapigie kumi, awasomee jina na idadi ya mizinga, asikilize wanavyojibu. Majibu yakilingana, vijiji vilivyobaki vipakiwe jioni hiyo hiyo.